Kabla Wazee Hawajawa Wengi: Mambo ya Kuzingatia Katika Kupanga na Kugharamia Afya

Ufaransa ilichukua miaka 115 hadi watu wa umri wa miaka 65 na zaidi wakaongezeka kutoka asilimia 7 hadi 14 ya wananchi wote. Japani ilifika hapo kwa takribani robo karne, Korea Kusini kwa miaka 18 tu. Nchi zinazofuata kwenye foleni hazitapata muda wa kujifunza polepole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ifikapo mwaka 2050 watu wa miaka 60 na zaidi watafikia bilioni 2.1, na theluthi mbili yao watakuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo anayepanga bajeti ya afya leo, hata kama wananchi wake wengi ni vijana, ana mambo ya kuweka sawa mapema.

Aanze na hesabu. Kosa lililozoeleka ni kuchukua idadi ya wazee na kuizidisha kwa gharama ya mgonjwa mmoja. Mtu wa miaka 78 anayepanda ngazi mwenyewe na mwenzake wa miaka 66 aliyepooza upande mmoja hawawezi kuingia kwenye fungu moja. Kinachotakiwa kujulikana ni nani anahitaji msaada na wa kiasi gani. Yapo maswali sita mafupi ya Washington Group, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi zimeyatumia kwenye sensa: mtu anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Majibu yake yana faida kwa mpangaji kuliko tarehe ya kuzaliwa, hasa pale ambapo wengi hawana vyeti na umri hutajwa kwa kukisia. Takwimu za namna hiyo hujaa watu wa miaka 60, 65 na 70, huku wa 61 na 67 wakiwa wachache ajabu.

Linalofuata ndilo zito kuliko yote, nalo ni kutenganisha fedha za tiba na fedha za matunzo. Tiba ina mwisho: mgonjwa anapona, au ugonjwa wake unadhibitiwa kwa dawa. Matunzo ni kuogeshwa, kulishwa, kugeuzwa kitandani, kusindikizwa chooni, kila siku, pengine kwa miaka kumi. Mwaka 1973 Japani ilifanya matibabu kuwa bure kwa wenye miaka 70 na zaidi. Uamuzi ulipendwa sana, lakini haukuja na mpango wa matunzo, na wodi zikajaa wazee ambao hawakuwa na ugonjwa wa kuwaweka hospitalini. Walikuwa hawana wa kuwaangalia nyumbani. Hali hiyo ilienea hadi ikapewa jina lake, kulazwa kwa sababu za kijamii. Mwaka 1983 wazee wakarudishwa kwenye kuchangia, na mwaka 2000 ndipo ikaanza bima ya matunzo iliyosimama peke yake.

Jambo hilohilo huonekana katika wodi yoyote. Bibi ametibiwa nimonia, kifua kimesafika, daktari ameandika ruhusa, lakini kitanda hakiachwi kwa sababu nyumbani hakuna wa kumgeuza usiku asipate vidonda vya mgongo. Kitanda hicho kinagharimu umeme, wauguzi na dawa, na mgonjwa mwingine amelala sakafuni akikisubiri. Nani atamgeuza bibi huyu, na nani atamlipa mtu huyo? Mpango usiojibu swali hilo haujakamilika, hata uwe na mashine za kisasa kiasi gani.

Kuhusu chanzo cha fedha, usitegemee mfuko mmoja. Bima ya matunzo ya Japani hupata nusu ya fedha zake kutoka kodi, nusu kutoka michango ya watu kuanzia miaka 40. Mtumiaji naye huchangia kidogo. Ujerumani, iliyoanza yake mwaka 1995, hutegemea makato ya mishahara, na tangu 2005 wasio na watoto hukatwa zaidi. Makato ya mishahara peke yake ni nguzo dhaifu kwa nchi yoyote: wafanyakazi hupungua kadiri wastaafu wanavyoongezeka, na pale ambapo wengi wamejiajiri hakuna hata mshahara wa kukata. Michango ianze kukusanywa wakati wachangiaji bado ni wengi, na akiba yake ilindwe dhidi ya waziri wa fedha mwenye shida za mwezi huu.

Ahadi za bure nazo zipimwe. Msamaha wa malipo usio na fedha ya kuufidia humwangukia mzee kwenye dirisha la dawa: haambiwi alipe, anaambiwa dawa zimeisha, aende akanunue nje. Ni afadhali huduma chache zilizolipiwa kweli, pamoja na ukomo wa kiasi ambacho familia inaweza kutoa mfukoni kwa mwaka.

Halafu kuna familia, ambayo serikali hupenda kuisifu ili isiilipe. Ujerumani inampa mhitaji chaguo: aletewe wahudumu, au apokee fedha taslimu ambazo anaweza kumpa ndugu anayemtunza. Japani ilikataa fedha taslimu. Wanaharakati wa wanawake walihofu zingezidi kuwafunga nyumbani mabinti na wakwe. Mimi naona hofu hiyo ina msingi, ingawa pale ambapo wahudumu hawapo kabisa, fedha kidogo zinazomfikia anayekesha ni bora kuliko huduma ya kwenye makaratasi. Na awepo wa kumpokea zamu apate kupumzika.

Wahudumu hawanunuliwi kwa haraka. Jengo hukamilika kwa mwaka. Muuguzi mwenye ujuzi wa wazee, mtaalamu wa fiziotherapia na msimamizi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii huchukua miaka kupatikana, na nchi tajiri zilizozeeka zinawawinda haohao. Mafunzo na mishahara vitangulie matofali.

Kliniki zenyewe ziangaliwe upya. Mzee mwenye presha, sukari na maumivu ya magoti huitwa Jumatatu kwa hili, Jumatano kwa lile, Ijumaa kwa lingine, na kila chumba kinamwandikia vidonge bila kuona vya chumba cha jirani. Faili moja, siku moja, na dawa za miezi mitatu kwa ambaye hali yake imetulia, vingempunguzia foleni yeye na zahanati. Upasuaji wa mtoto wa jicho na vyuma vya kushikilia bafuni visidharauliwe pia, maana huzuia kuanguka: Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo 684,000 kila mwaka duniani vinavyotokana na kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wenye miaka zaidi ya 60.

Huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, iwe na fungu lake, pamoja na mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, ambayo ni ya bei nafuu ila hukwamishwa na vibali. Gharama kubwa za hospitali hujikusanya karibu na kifo, katika umri wowote kile. Mgonjwa asiyetibiwa maumivu nyumbani atarudishwa wodini.

Mwisho, mapitio. Gharama za bima ya matunzo ya Japani zimepanda zaidi ya mara tatu tangu 2000, na imebidi kurekebisha mara kwa mara: 2005 walio kwenye vituo vya matunzo wakaanza kulipia chumba na chakula, 2015 wenye kipato kizuri wakapandishwa mchango wa mtumiaji kutoka asilimia 10 hadi 20 ya gharama, 2018 wengine wakafika 30. Viwango vya michango ya bima inayolipwa na wazee hupangwa upya na manispaa kila baada ya miaka mitatu. Sheria ya kwanza itaje muda huo wa mapitio na nani atapeleka hesabu bungeni, la sivyo kila marekebisho yatasubiri mwaka usio na uchaguzi.