Jinsi ya Kupima Gemu Iliyohamishiwa Nintendo Switch Kabla ya Kuinunua

Gemu nyingi kubwa zinazoulizwa na wachezaji wa Tabora na Kigoma hazikutengenezwa kwa ajili ya Nintendo Switch. Zilitengenezwa kwanza kwa PlayStation 4, Xbox One au kompyuta, kisha studio nyingine ikapewa kazi ya kuziingiza katika mashine hii ndogo ambayo huchezwa mkononi na pia kwenye televisheni. Zipo zilizohamishwa kwa ustadi mkubwa, na zipo zilizohamishwa ili tu zipate kuuzwa, lakini ukiziona kwenye jalada zote zinapendeza sawasawa. Katriji, yaani kadi ndogo inayobeba gemu, ni ghali, na gemu ya kupakua humaliza bando kubwa. Kwa hiyo inafaa kila mnunuzi ajue kupima mwenyewe. Gemu ipimwe mahali inapozidiwa, na ipimwe katika hali ileile utakayoichezea, kwa sababu dakika tano za mwanzo na video ya matangazo huonyesha upande mzuri pekee.

Uwezo wa mashine yenyewe

Switch ya kwanza ilianza kuuzwa tarehe 3 Machi 2017, ikiwa na chipu ya Nvidia Tegra X1 na memori ya GB 4. Prosesa yake, yaani sehemu inayopiga mahesabu, ina viini vinne vinavyofanya kazi kwa kasi ya takriban GHz 1, na kimoja kati ya hivyo hutumika kuendesha mfumo, hivyo gemu hubakiwa na vitatu. PlayStation 4 ina viini vinane vya GHz 1.6, memori ya GB 8, na njia ya memori inayopitisha GB 176 kwa sekunde, wakati ile ya Switch hupitisha GB 25.6 inapokuwa kwenye doki, yaani kitako kinachoiunganisha na televisheni. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kupunguza vivuli na majani pekee. Aliyehamisha gemu hulazimika kuchagua atakachokitoa: idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) kwa sekunde, ukali wa picha, au vyote viwili.

Mfano ulio wazi ni Doom ya mwaka 2016, gemu ya kupambana kwa bunduki. Kwenye PlayStation 4 ililenga fremu 60 kwa sekunde. Studio ya Panic Button ilipoileta Switch mwezi Novemba 2017, ililenga fremu 30. Maana yake ni kwamba mashine ilipewa milisekunde 33 za kuchora kila fremu badala ya milisekunde 16 na kidogo. Picha ilififia, lakini uwanja wa mapambano, maadui na kasi ya mchezo vilibaki vilevile, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi sahihi. Fremu 30 zinazotoka kwa mpangilio sawa zinachezeka vizuri kuliko 45 zinazopanda na kushuka.

Mkononi na kwenye doki

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Mashine ikiwa kwenye doki, sehemu inayochora picha hufanya kazi kwa MHz 768. Ikiwa mkononi hushuka hadi MHz 307 au 384, na gemu chache zimeruhusiwa kufika MHz 460. Kioo cha mkononi kina pikseli (nukta za picha) 1280 kwa 720; televisheni hupokea hadi 1920 kwa 1080, ambazo ni pikseli mara mbili na robo. Ukigawanya 768 kwa 307 unapata mbili na nusu, yaani nguvu inayoongezeka inatosha kubeba pikseli zilizoongezeka. Lakini gemu iliyokuwa ikitumia MHz 460 mkononi huongezewa nguvu isiyofika hata mara moja na robo tatu, na ndiyo sababu gemu nzito hazifiki mistari 1080 ya pikseli kwenye televisheni, au hufika kwa nadra.

Kasi ya prosesa, kwa upande mwingine, haibadiliki. Ni ileile mkononi na kwenye doki. Jambo hili lina faida kubwa kwa anayepima. Ukiona gemu inasitasita mahali fulani, chomoa mashine kwenye doki, rudi mahali palepale, utazame tena. Ikiwa kusitasita kumebaki jinsi kulivyokuwa, tatizo huenda liko kwa prosesa: watu wengi mtaani, magari mengi, mahesabu ya maadui. Hilo halitaondoka kwa kubadili namna ya kucheza, na usikubali muuzaji akuambie kwamba televisheni ndiyo mbovu. Ikiwa kumebadilika, sehemu ya kuchora picha ndiyo inayolemewa, na unaweza kuamua kuicheza upande ule inakopumua.

Ukubwa wa kioo nao una neno. Witcher 3, gemu ya ulimwengu mpana iliyotoka kwenye Switch tarehe 15 Oktoba 2019 kwa kazi ya Saber Interactive na CD Projekt Red, hulenga mistari 720 ikiwa kwenye doki na 540 ikiwa mkononi, nayo hushuka chini ya hapo mambo yakizidi. Mistari 540 kwenye kioo cha inchi 6.2 inatazamika bila kuumiza macho. Picha hiyohiyo ikitandazwa kwenye televisheni ya inchi 43 pale sebuleni, hata ikiongezwa hadi 720, nyuso za watu wa mbali huwa kama zimepakwa maji. Anayetafuta gemu ya kuchezea kwenye treni kati ya Tabora na Kigoma ataridhika nayo sana. Anayeitaka kwa ajili ya kibanda chenye televisheni kubwa na wateja wanne waliokaa kwenye benchi atalalamikiwa.

Kupima kwa simu

Muombe mwenye duka au rafiki mwenye gemu hiyo akupe muda wa kutosha, kwa adabu: «Kaka, nitanunua, ila naomba niifikishe kwenye mji mkubwa kwanza.» Muuzaji mwenye nia njema hatakukatalia. Usipime kwenye chumba cha mafunzo cha mwanzo wa gemu. Katika Witcher 3, nenda sokoni Novigrad au kwenye kinamasi cha Crookback Bog. Katika gemu ya magari, ingia mashindano yenye mvua na magari yote. Katika gemu ya mapigano, subiri milipuko mitatu itokee pamoja. Kisha zungusha kamera polepole, mzunguko mzima, huku ukitazama nguzo au ukingo wa jengo. Jicho hukamata kusitasita kwenye mstari wima kuliko mahali pengine popote.

Simu nyingi za siku hizi zina kamera inayorekodi mwendo wa polepole kwa fremu 240 kwa sekunde, na kifaa hicho kinatosha. Weka simu imara juu ya meza, rekodi kioo cha Switch wakati kamera ya gemu inazunguka, halafu ipitie video hiyo hatua kwa hatua. Hesabu ni fremu ngapi za simu zinapita kabla picha ya gemu haijasogea. Zikiwa nne kila mara, gemu inatoa fremu 60. Zikiwa nane kila mara, inatoa 30 kwa mpangilio mzuri. Ukiona nne, kisha kumi na mbili, kisha nane, kisha nne tena, gemu inaweza kuwa inafikisha wastani wa 30 kwenye makaratasi, lakini mgawanyo wa fremu ni mbovu, na mkono wako utahisi uzito huo hata kama hujui jina lake. Kwangu mimi, hiki ndicho kipimo kinachotenganisha kazi nzuri na kazi ya kulipua.

Usitegemee kitufe cha kurekodi kilichopo kwenye Switch. Video yake hutunzwa kwa fremu 30 na picha zake kwa pikseli 1280 kwa 720, iwe ulicheza mkononi au kwenye doki. Klipu hiyo, hata ikitoka kwenye gemu ya fremu 60, haiwezi kukuthibitishia chochote kuhusu ulaini wa mwendo.

Fungua pia mipangilio ya gemu. Witcher 3 iliongezewa mwanzoni mwa mwaka 2020 orodha ya kurekebisha picha, ambako unaweza kuzima ukungu wa mwendo na kupunguza mimea inayoonekana kwa mbali. Gemu iliyopewa marekebisho kama hayo hupimwa ikiwa na toleo jipya. Gemu iliyoachwa bila matengenezo hupimwa ilivyo. Batman: Arkham Knight, iliyofika Switch Desemba 2023, ni onyo kwa wanaonunua siku ya kwanza, kwani fremu zilianguka vibaya gari linapokimbia mjini.

Mpira

Wengi wanaouliza huku kwetu wanataka mpira, na hapa inabidi kuwa mwangalifu zaidi ya kote. FIFA 20 hadi FIFA 23 za Switch ziliuzwa kama matoleo ya urithi, yaani mchezo ni uleule wa zamani uliobadilishiwa jezi, vikosi na vibao vya skrini. Anayemiliki FIFA 20 akanunua FIFA 22 amenunua majina ya wachezaji. Mabadiliko ya kweli yalikuja na EA Sports FC 24, mwezi Septemba 2023, ambapo injini ya Frostbite, yaani programu inayoendesha mchezo, inayotumika kwenye mashine kubwa iliingizwa Switch kwa mara ya kwanza. Unapopima gemu ya mpira usitazame marudio ya magoli, kwa sababu hayo ni maonyesho tu. Tazama kona: wachezaji ishirini wakiwa ndani ya boksi, kamera ikisogea, nawe ubonyeze kupiga kichwa. Ikiwa kuna kuchelewa kati ya kidole na kichwa, utakutana nako kila mechi.

Katriji, bando na memori kadi

Soma jalada kabla hujatoa fedha. Witcher 3 imo yote ndani ya katriji ya GB 32. Doom ina hadithi yake kwenye katriji, lakini sehemu ya kucheza na wengine hupakuliwa. Doom Eternal, iliyotoka Switch Desemba 2020, huuzwa kwa kupakua tu. Switch ya kwanza ina hifadhi ya GB 32, na sehemu yake tayari imechukuliwa na mfumo, kwa hiyo gemu moja kubwa inaweza kuijaza. Memori kadi ya bei ya chini isiyo na kasi hurefusha muda wa kufungua gemu, na katika gemu zenye ulimwengu mpana inaweza kuchelewesha majengo na barabara kutokea mbele yako. Tafuta kadi yenye alama ya kasi ya UHS-I inayosoma kwa MB 60 kwa sekunde au zaidi, na uijaribu dukani, kwa maana kadi bandia ni nyingi.

Kuna pia gemu zilizoandikwa kuwa ni toleo la wingu, kama Control na Hitman 3. Hizo haziendeshwi na Switch yako kabisa; huendeshwa na kompyuta za mbali, nawe unatumiwa picha kwa intaneti. Kila unapobonyeza, amri husafiri kwenda na kurudi. Kwa intaneti ya simu, ziache.

Joto, vumbi na umeme

Nintendo huelekeza mashine itumike kwenye joto la nyuzi 5 hadi 35. Tabora ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, chumba chenye bati bila dari hufika hapo mchana. Tundu la kutolea hewa liko juu ya mashine. Lisizibwe na kitambaa, na doki isisukumwe nyuma ya televisheni mahali pasipo na upepo. Mashine iliyozidiwa na joto hujizima yenyewe ili isiharibike. Pima gemu nzito baada ya nusu saa ya kucheza, feni ikiwa imeshaanza kusikika.

Betri huanguka kwa haraka katika gemu zilizohamishwa. Switch ya mwaka 2017, yenye namba HAC-001 mgongoni, ilitajwa kudumu saa 2.5 hadi 6.5; ile ya mwaka 2019, yenye namba HAC-001(-01), saa 4.5 hadi 9, kwa betri ya ukubwa uleule. Gemu nzito hukaa karibu na namba ya chini. Kwa safari ya treni inayopita Urambo, Kaliua na Uvinza, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya picha, kwa hiyo geuza mashine ya mtumba usome namba kabla ya kuelewana bei. Pawabenki iwe na USB-C ya kuchaji haraka. Doki nayo huhitaji chaja yenye kutoa volti 15. Chaja ya kawaida ya simu haitaiwasha televisheni.

Ukitaka kwenda Switch 2

Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025, ikiwa na memori ya GB 12, hifadhi ya GB 256 na kioo cha inchi 7.9 chenye mistari 1080. Cyberpunk 2077 ilifika nayo siku hiyohiyo, ikiwa imo yote kwenye katriji ya GB 64, na humpa mchezaji uchaguzi wa kulenga fremu 30 kwa picha kali au fremu 40 kwa mwendo mlaini. Gemu za Switch ya zamani zilizokuwa zikizidiwa mara nyingi hutulia humo, lakini iliyofungiwa fremu 30 hubaki 30 mpaka mtengenezaji aifungulie. Memori kadi yako ya zamani haitahifadhi gemu humo. Inahitajika microSD Express, aina mpya ya kadi yenye kasi zaidi. Na kwenye jalada angalia kama ni katriji ya ufunguo tu, kwa sababu hiyo haina gemu ndani: utaiingiza, kisha itakudai upakue kila kitu. Muulize muuzaji ukubwa wa upakuaji huo, uulinganishe na bei ya bando, ndipo uone bei halisi ya gemu.