Injini ya Landrova 109: ni yake au ya kupachikwa?

Tangu tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha, kila mwenye 109 (Landrova ndefu, inchi 109 kati ya ekseli) iliyolala uani anakuambia "injini ni ile ile, haijaguswa". Madalali nao wamelidaka neno. Kabla hujatoa hela, fanya hivi. Nazungumzia matoleo ya Series II, IIA na III, za mwaka 1958 hadi 1985.

1. Anza na chesisi. Namba imegongwa mbele kulia, pale springi inaposhikia. Isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, msasa weka mbali. Kwa IIA, tarakimu tatu za mwanzo zinakutajia injini: 251 hadi 254 ni 109 ya petroli, 276 hadi 279 ni ya dizeli. Ukikuta 252 ina dizeli ndani, mjadala umekwisha.

2. Hamia kwenye bloku, upande wa kushoto, mbele, karibu na manifodi ya ekzosi. Mulika tochi kwa ubavu ili mwanga ulale juu ya chuma. Ukiona mikwaruzo ya grainda chini ya tarakimu, au tarakimu zinapanda na kushuka, kuna mtu alifuta akagonga zake. Namba ikianza na 12J, hiyo ni dizeli ya lita 2.5 ya miaka ya 1980; 19J ni ndugu yake mwenye tabo; 11L na 12L ni 200Tdi, dizeli ya tabo iliyokuja baadaye. Hakuna Series iliyotoka kiwandani na hizo.

3. Tazama pampu ya dizeli. Dizeli ya lita 2.25, ndiyo ya Series IIA na III, na ile ya 2.5 zinafanana mno kwa macho. Ya 2.25 pampu yake imesimama wima ubavuni kulia, na taiming ni ya cheni. Ya 2.5 pampu iko mbele, inazungushwa na mkanda. Fundi yeyote mzoefu pale Unga Limited, hapa Arusha, atakuonyesha kabla chai haijapoa.

4. Kadi ya usajili wa gari. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Namba ya injini ikilingana na kadi, mnunuzi anashangilia. Lakini mtu akibadili injini akaenda TRA (Mamlaka ya Mapato) kihalali, kadi inaandikwa namba mpya. Kadi inathibitisha injini iliyosajiliwa, basi. Wala usihangaike kulinganisha namba ya injini na ya chesisi, kwenye Series hizi hazifanani. Mwenye jibu ni daftari la kiwanda: British Motor Museum, makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, wanatoa cheti kwa malipo, kinachoonyesha gari lilitoka na injini namba ngapi.

Maswali

Kaka, niko Pasua, Moshi. Yangu ni 276, pampu iko ubavuni, ila kutu imekula namba ya injini. Nigonge upya?
Usithubutu, ndugu yangu. Trafiki akiona namba ya kugonga mtaani atadhani gari la wizi. Loweka mafuta ya taa usiku kucha, pangusa, sugulia chaki nyeupe, kisha piga picha. Nyingi husomeka.

Shikamoo mzee. Marehemu baba aliweka 1HZ ya Land Cruiser. Nirudishe ya zamani?
Marahaba. Kama unapandia nayo Ngorongoro na wageni, iache ilivyo. Ukitaka kumuuzia mkusanyaji wa magari ya zamani, tafuta 2.25, lakini kwenye tangazo andika "injini ya aina ile ile ya kiwandani", usiandike "injini yake".