Jinsi ya kuanza kusikiliza opera: chagua onyesho moja wanaloimba wengi

Wengi wanaoniuliza waanzie wapi na opera, yaani tamthilia inayoimbwa, huwa wameshajaribu mikusanyiko ya nyimbo maarufu, wakasikiliza tatu nne, wakachoka. Siwashangai. Wimbo wa opera ukiukata kutoka kwenye hadithi yake, unabaki na sauti kubwa nzuri inayolilia jambo usilolijua. Mimi nashauri uchukue onyesho moja tu, ambalo watu kadhaa wanaimba kwa pamoja, ulizoee mpaka uwatambue wote kwa sauti zao, ndipo usogee mbele.

Sababu yangu ni hii. Katika tamthilia ya kawaida, watu wanne wakizungumza kwa mpigo husikii kitu. Katika opera kila mmoja anasema lake kwa wakati uleule, na wote unawasikia. Watunzi wakubwa wa opera mimi huwapima hapo hapo, maana wimbo mzuri wa mtu mmoja hata mtunzi wa wastani anaweza kuupata.

Onyesho ninalowapa wanaoanza ni wimbo wa watu wanne katika sehemu ya tatu ya Rigoletto, opera ya Giuseppe Verdi iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1851 katika ukumbi wa La Fenice, Venice. Kwanza soma hadithi yote, mwisho wake pia. Usihofu kwamba utajiharibia utamu. Zamani vitabu vya maneno viliuzwa kwa watazamaji ili wafuatilie kila kinachoimbwa. Hadithi kwa ufupi: Rigoletto ni mchekeshaji mwenye kibyongo anayemtumikia Duke, yaani mtawala, wa Mantua huko Italia, bwana asiyemwacha mwanamke. Rigoletto ana binti, Gilda, anayemficha. Duke anampata kwa kujifanya mwanafunzi maskini, naye Gilda anampenda kwelikweli. Baba anaamua kumkodi muuaji amuue Duke.

Sasa ni usiku. Ndani ya nyumba ya wageni Duke anamtongoza Maddalena, dada wa huyo muuaji. Nje gizani, Rigoletto amemleta Gilda achungulie ajionee mwenyewe. Tafuta rekodi, weka maneno na tafsiri yake mbele yako, kisha sikiliza zaidi ya mara moja, kila mara ukimfuata mtu mmoja. Mfuate Duke, tenori, yaani sauti ya juu ya kiume: ndiye anayeanza, kwa wimbo mpana, mtamu, kana kwamba anamaanisha kila neno. Rudia, umfuate Maddalena: noti zake ni fupifupi, zinarukaruka, kicheko kitupu, kwa kuwa hamwamini hata kidogo. Rudia tena na Gilda. Wimbo wake unakatikakatika kama mtu anayelia akivuta pumzi, halafu unapanda juu ya wengine wote. Mwisho mfuate Rigoletto, baritoni, yaani sauti ya kiume ya kati, huko chini. Hana maneno mengi. Anamwambia bintiye kwamba kulia hakusaidii, na kwamba kisasi anakishughulikia yeye. Ukishawafuata wote wanne, sikiliza bila karatasi. Utashangaa jinsi masikio yanavyowagawa wenyewe.

Ukifika hapo, opera nzima umeshaimudu. Muziki wake ni wa takriban saa mbili. Usiusikilize ukiosha vyombo. Chukua sehemu moja kwa siku, ukae. Angalia ule wimbo wa Duke, La donna è mobile, unaojulikana dunia nzima. Watu huuchukulia kama wimbo wa furaha. Lakini karibu na mwisho Rigoletto anashika gunia akiamini mna maiti ya Duke, mara anasikia sauti ileile kwa mbali ikiuimba wimbo uleule. Hapo anajua kwamba aliyeuawa ni mwingine. Verdi hakuongeza maneno ya kueleza. Wimbo wenyewe ndio habari mbaya.

Mimi ni mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya, kwa hiyo niruhusu niwaombee besi nafasi kidogo. Katika sehemu ya kwanza, muuaji Sparafucile anamkabili Rigoletto njiani usiku. Wawili hao wanazungumza kwa sauti ya chini huku chelo moja na dabo besi moja, vyombo vya nyuzi vya sauti nzito, ndizo zinazoimba. Anapoondoka anataja jina lake, akishuka mpaka noti ya F ya chini na kuishikilia mpaka anatoweka. Hapigi kelele, hatishi mtu, na damu inasisimka.

Baada ya Verdi, rudi nyuma kwa Mozart. Chukua Le nozze di Figaro, iliyoonyeshwa Vienna mwaka 1786 kwa maneno ya Lorenzo Da Ponte, na uende moja kwa moja kwenye mwisho wa sehemu ya pili. Ni takriban dakika 20 za muziki usiokatika. Onyesho linaanza na mume na mke wanaogombana, bwana mkubwa Count na mkewe Countess: mume ameshika upanga, anaamini kuna kijana amefichwa chumbani. Mlango unafunguliwa, anatoka Susanna, mtumishi wa mke. Sasa ni watatu. Anaingia Figaro, wanakuwa wanne. Anaingia mtunza bustani mlevi akilalamika kwamba kuna mtu ameruka dirishani na kumvunjia maua. Kisha wanaingia watatu kwa pamoja na madai yao, na yule mtunza bustani ameshaondoka: jumla saba. Kila anayeingia anabadilisha mambo, na muziki unabadilika naye, mwendo wake na hali yake. Kazi yako hapa ni moja: kila mlango ukifunguliwa, jiulize nani sasa ana hofu. Sijaona mtunzi mwingine aliyeifanya kazi hii kwa wepesi kiasi hicho.

Baada ya hao wawili, chagua unakopenda. Puccini ana wimbo wa watu wanne katika sehemu ya tatu ya La bohème, Turin 1896: wapenzi wawili wanaagana kwa upole wakati wapenzi wengine wawili wanatukanana pembeni. Bizet alifanya kitu kikali zaidi mwishoni mwa Carmen, Paris 1875. Nje ya uwanja wa mapigano ya ng'ombe Don José anamsihi Carmen, mwanamke aliyemwacha, ndani umati unashangilia, na shangwe na kisu vinakutana. Bizet alifariki miezi mitatu baadaye, akiwa na miaka 36, bila kuona jinsi kazi yake itakavyopendwa.

Wa kale kabisa waache kwanza. Monteverdi, aliyeonyesha L'Orfeo huko Mantua mwaka 1607, ni mtamu sana, lakini muziki wake uko karibu na usemaji, na unahitaji sikio lililokwisha kuzoea kufuata maneno. Kwa Handel jua jambo moja: wimbo una sehemu mbili, kisha ya kwanza inarudiwa, na kwenye marudio mwimbaji anatarajiwa kuipamba. Sikiliza marudio; huko ndiko ufundi wake unakoonekana.

Wagner anatisha watu kwa urefu, nami nasema usianze na Ring nzima, ambayo ni opera nne na takriban saa 15. Anza na sehemu ya kwanza ya Die Walküre, mojawapo ya hizo nne: saa moja, watu watatu. Hapa waimbaji hawaimbi kwa pamoja kama kwa Verdi. Anayesema mengine ni okestra. Mmoja wao, Siegmund, amekaa peke yake, hana silaha, anaomba upanga. Mwanga wa moto unaangukia mti, na tarumbeta inapiga noti za upanga uliochomekwa humo. Okestra inajua, yeye hajajua bado.

Ukipata nafasi ya kwenda ukumbini, nenda. Kumbi nyingi leo huonyesha tafsiri ya maneno juu ya jukwaa au kwenye kiti, jambo lililoanzia Toronto mwaka 1983, lakini soma hadithi nyumbani ili macho yabaki kwa waimbaji. Kwa opera za Kitaliano watu hupiga makofi baada ya wimbo mkubwa. Kwa Wagner ngoja mpaka sehemu iishe. Na uingie ukiwa umeshakula na umeshakwenda msalani, maana sehemu ya kwanza ya Götterdämmerung, opera ya mwisho ya Ring, pamoja na utangulizi wake, ni takriban saa mbili bila mapumziko.