Wikendi Diani: anza na mwezi, hoteli baadaye

Wengi wanaotoka Nairobi kwenda Diani huanza na hoteli, kisha tiketi, kisha nguo za kuogelea. Jumamosi saa nne asubuhi wanashuka ufukweni na kukuta maji yamerudi nyuma hadi karibu na mwamba, mita mia kadhaa kutoka mchangani, na mbele yao kuna vidimbwi, mawe na majani. Pwani ya Kwale maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, siku ambazo maji hupanda na kushuka kupita kawaida, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Mwenye siku moja na nusu tu za kukaa hawezi kuliacha jambo hilo kwa bahati.

Hesabu yake wavuvi wanaijua kwa mwezi mwandamo, na ni rahisi kuishika. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Hiyo ndiyo bamvua: maji hupanda sana na hushuka sana. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Kufikia wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji hujaa saa nne asubuhi na hupwa saa kumi alasiri. Hayo ni maji mafu, na tofauti ya kina huwa ndogo. Thibitisha saa kamili kwenye jedwali la maji la Mombasa au Kilindini, linalopatikana bure kwenye intaneti. Usitumie la Zanzibar au Dar es Salaam.

Sasa chagua wikendi kwa unachotaka. Ukipenda kuogelea asubuhi na watoto, tafuta wikendi ya nusu mwezi. Ukipenda kutembea juu ya mwamba, kuona kiti cha pweza na samaki wadogo kwenye vidimbwi, au kupelekwa kwa ngalawa kwenye fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa, tafuta bamvua, utaogelea alasiri. Wikendi ngumu zaidi kwa waogeleaji ni ile ya siku nne au tano baada ya mwandamo au mpevu, kwa kuwa maji hupwa saa saba au saa nane mchana, katikati kabisa ya siku yako. Hapo oga mapema, saa moja asubuhi, au ngoja magharibi.

Msimu nao una neno lake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi: joto kali, bahari tulivu zaidi, maji maangavu. Kusi huanza pamoja na masika na huendelea hadi Septemba: hali ya hewa ni baridi kidogo, upepo ni mkali, na mwani huletwa ufukweni kwa wingi hata ukanda mzima wa mchanga ukageuka hudhurungi. Mwani huo haudhuru, lakini hunuka ukianza kuoza. Aprili na Mei ndiyo mvua kubwa. Bei hushuka, na baadhi ya hoteli hufunga ili kufanya ukarabati, kwa hiyo piga simu uulize kama bwawa na jiko vinafanya kazi. Oktoba na Novemba mapema ni miezi tunayoipendekeza kwa moyo mweupe: upepo umetulia, bei bado ni za kawaida, na msongamano wa Krismasi haujaanza. Kati ya Desemba 20 na mwaka mpya, hoteli nyingi hukataa wageni wa usiku mmoja au miwili.

Ukishapata wikendi, kata tiketi kabla ya kulipia chumba. Treni ya Madaraka Express ndiyo hukwisha kwanza, hasa ya Ijumaa saa tisa alasiri kutoka Nairobi na ya Jumapili saa tisa kutoka Mombasa. Tangu Januari 2024 nauli ya mtu mzima ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Hukatwa kwenye tovuti ya shirika la reli au kwa *639#, na hulipwa kwa M-Pesa. Andika namba ya kitambulisho bila kukosea, kwa maana italinganishwa na kitambulisho chenyewe mlangoni. Fika stesheni ya Syokimau saa moja kabla ya safari. Mizigo hukaguliwa na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mashine, na pombe hairuhusiwi. Ijumaa mchana Barabara ya Mombasa hujaa, na wengi wameachwa na treni wakiwa njiani. Treni ndogo ya abiria kutoka stesheni ya kati ya Nairobi hadi Syokimau, inayopangwa kuwahi treni kubwa, ni salama kuliko teksi siku kama hiyo.

Ya saa tisa hufika Miritini, ilipo stesheni ya Mombasa, karibu saa mbili usiku. Ya saa nne usiku hufika saa tisa na kitu alfajiri, saa ambayo chumba chako Diani bado kina mgeni mwingine. Ukiichukua, kubaliana mapema na hoteli kuhusu kuingia asubuhi, au ulipie usiku wa ziada.

Kutoka Miritini zipo njia mbili. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika 2024, hukutoa upande wa bara na kukushusha Kibundani kwenye barabara ya Lunga Lunga bila kugusa kisiwa cha Mombasa. Kwa teksi ni kama saa moja hadi Diani. Njia ya zamani hupita mjini hadi kivuko cha Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi feri, na ng'ambo kuna matatu za Ukunda. Ukishuka Ukunda, tuktuk au bodaboda hukufikisha ufukweni, kama kilomita tatu. Ni njia ya bei nafuu sana na inafaa mchana ukiwa na begi moja. Usiku, ukiwa na watoto na mizigo, panga dereva kabla hujatoka Nairobi, mkubaliane bei kwa ujumbe ulioandikwa, na utamke wazi kwamba mtapita Dongo Kundu. Dereva asiyeambiwa huenda akafuata Likoni kwa mazoea, na foleni ya magari huko ikakula saa nzima.

Ndege hutua Ukunda penyewe, kama saa moja kutoka Nairobi: Safarilink huondoka Wilson, Jambojet huondoka JKIA. Ndege ndogo zina kikomo kikali cha mizigo, mara nyingi kilo 15, na begi laini hukubalika kuliko sanduku gumu.

Kuhusu mahali pa kulala, fikiria njia panda ambako barabara ya Ukunda inakutana na barabara ya ufukweni. Karibu na hapo kuna maduka makubwa, benki, migahawa na baa; hapo unatembea kwa miguu na unasikia muziki hadi usiku wa manane. Kusini, kuelekea Galu na Kinondo, ni kutulivu, mchanga ni mpana, na upepo huvuta wacheza kaiti. Aliyekuja kwa ajili ya shamrashamra akilala Galu atatumia pesa nyingi kwa tuktuk za usiku. Aliyekuja kupumzika akilala jirani na baa hatalala. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: je, maji yakijaa ufukwe unabaki au maji hupiga ukuta? Je, jenereta ipo umeme ukikatika? Je, "karibu na ufukwe" ni hatua ngapi, na njia ya kushukia ni ya nani? Nyumba nyingi zinazosema ziko Diani ziko upande wa pili wa barabara, na njia ya kwenda baharini hupita kwenye kiwanja cha mtu.

Kwa kundi la watu wanne na zaidi, nyumba yenye mpishi hushinda hoteli. Wachuuzi hupita na samaki, matunda na nazi. Kilo moja ya changu hutosha watu watatu. Kwa kilo ya mchele weka nazi mbili. Mpe mpishi pesa na orodha tangu jioni, kwa sababu samaki wazuri hununuliwa mapema. Hata hivyo usikose kula Ukunda: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai na bhajia jioni. Ukunda ni mji wa Wadigo, Waislamu walio wengi, basi jifunge leso juu ya nguo za kuogelea kabla ya kutoka ufukweni. Katika Ramadhani mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, lakini wakati wa kufuturu vyakula hutandazwa kuliko siku yoyote ya mwaka.

Ukifika usiku wa Ijumaa na kuondoka Jumapili mchana, usiende kisiwa cha Wasini. Safari ya Shimoni na Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti hula siku nzima, tangu alfajiri hadi alasiri, na utarudi Nairobi hujaiona Diani yenyewe. Ukiwa na usiku wa tatu, nenda, hasa wakati wa kaskazi. Bei utakayotajiwa iwe imeshajumuisha usafiri, kiingilio cha hifadhi kinacholipwa kupitia eCitizen, miwani ya kuzamia na chakula. Ikikosa kimoja, itapanda ukiwa tayari gatini. Chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi hifadhini tangu Juni 2020, hivyo beba chupa ya kudumu. Wakati wa kusi boti huruka sana. Anayetapika ameze dawa saa moja kabla ya kupanda.

Kwa wa siku mbili, Jumamosi iwe ya maji. Ukienda kwenye fungu au mwambani, toka saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa na uanze kurudi mara yanapogeuka. Watu hudanganyika kwa sababu saa ya kwanza maji hupanda polepole. Katika saa ya tatu na ya nne hupanda nusu nzima ya kina chote. Vaa viatu vya mpira, maana mwambani kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi inayokatikia nyayoni. Usiogelee karibu na mlango wa mwamba maji yanapotoka, mkondo wake humshinda hata mwogeleaji hodari. Kabla ya kupanda ngalawa hesabu jaketi za kujiokoa, moja kwa kila mtu na za watoto ziwe za watoto; nahodha mzuri hakasiriki kuulizwa. Vijana wa ufukweni wajibu kwa heshima na kwa neno moja lisilobadilika. Kusema "baadaye" ni ahadi, na wataikumbuka. Makombe na matumbawe usinunue.

Jumapili asubuhi kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mmojawapo wa misitu ya kaya iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Utafungwa kaniki, utaongozwa na mwenyeji, na hutachukua hata jani. Njiani tazama juu: ngazi za kamba zinazovuka barabara ni za mbega, waliokuwa wakigongwa na magari. Usiwalishe, na ufunge madirisha ya chumba, kwani tumbili hutambua mfuko wa mkate.

Kwa treni ya saa tisa, ondoka Diani saa tano asubuhi. Saa moja ni ya njia, saa moja ya ukaguzi, na zinazobaki ni za lori lililoharibika barabarani. Mpigie dereva Jumamosi jioni, tena Jumapili saa tatu, na uwe na namba ya dereva wa pili.