Namna ya kuzuia ukatili kazini, na la kufanya ukishatokea

Kazi yangu ni usalama na afya mahali pa kazi. Ninapoitwa baada ya mtu kupigwa au kujeruhiwa, mara nyingi nasikia maneno yaleyale: "Huyu tulijua tu ipo siku." Walijua kweli, ila hakuna aliyeandika wala aliyeulizwa. Namwandikia msimamizi, afisa rasilimali watu au mwenye biashara anayetaka dalili zinazojulikana na wote zishughulikiwe mapema.

Hatua ya 1: Kubalianeni ukatili ni nini

Wengi husubiri damu. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2021, unahesabu pia vitisho, na unasema hata tukio la mara moja linatosha. Madhara yanaweza kuwa ya mwili, akili, ya kingono au ya kiuchumi. Mkataba unagusa pia safari za kikazi, njia ya kwenda na kurudi kazini, nyumba zinazotolewa na mwajiri, hata ujumbe wa simu unaohusu kazi. Andika sera fupi inayosomeka, na iseme wazi kwamba inamhusu kila mtu, mkurugenzi na mteja mkubwa wakiwemo.

Hatua ya 2: Jua ukatili unakotokea

Wataalamu hugawa ukatili wa kazini katika mafungu manne: mhalifu wa nje anayefuata mali; mteja, mgonjwa au mwanafunzi mnayemhudumia; mfanyakazi kwa mwenzake; na mtu wa nyumbani, kama mume, mke au mpenzi, anayemfuata mfanyakazi hadi kazini. Kila fungu lina dawa yake. Mlinzi getini hamzuii msimamizi anayewatukana watu ndani. Hospitalini tishio kubwa hutoka kwa wagonjwa na ndugu zao: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kushambuliwa wakati fulani katika maisha yao ya kazi.

Fungu la nne husahaulika kwa kuonekana ni mambo ya ndani ya ndoa. Mfanyakazi akikueleza kwamba anatishiwa nyumbani, muulize yeye anataka msaada gani. Kwa ridhaa yake unaweza kubadilisha zamu, kumhamishia dawati lisiloonekana kutoka nje, na kuwaonyesha watu wa mapokezi picha ya anayemtisha.

Hatua ya 3: Kagua mahali ukiwa umekaa

Usikague kwa kupita na karatasi mkononi. Kaa kwenye kiti cha mapokezi, kisha mwombe mwenzako asimame mbele yako pale anaposimama mteja. Sasa jiulize: akipandwa na hasira, natokea wapi? Mara nyingi utakuta meza imesukumwa pembeni, na njia pekee inapita pale aliposimama yeye. Geuza meza. Mkasi na kisu cha kukatia karatasi viingie kwenye droo.

Bonyeza kitufe cha dharura uone nani anakuja, na anachukua muda gani. Kengele inayolia kwenye chumba kisicho na mtu haimlindi yeyote. Kagua pia taa za maegesho, zamu za mtu mmoja usiku, na foleni. Mtu aliyesubiri saa nyingi bila kuelezwa lolote hufika dirishani akiwa amekwisha kuchemka; kumpa taarifa mapema ni ulinzi.

Hatua ya 4: Fungua daftari la matukio

Hapa ndipo ningeweka nguvu zaidi. Taarifa nyingi hazifai kitu kwa sababu zimeandikwa hivi: "Mteja alikuwa mkali." Mkali vipi? Andika ulichoona na kusikia: "Saa nne asubuhi, dirisha la pili. Aligonga kioo kwa ngumi mara mbili, akasema, 'Nitakusubiri nje.' Ni mara ya pili mwezi huu." Kwa maelezo hayo unaweza kumpa mfanyakazi msindikizaji jioni hiyohiyo.

Weka njia mbili za kutoa taarifa, moja isiyopitia kwa msimamizi wa karibu, maana wakati mwingine anayelalamikiwa ni yeye. Aliyeripoti apewe jibu ndani ya siku chache, hata kama ni "bado tunachunguza". Akikaliwa kimya, wenzake watajifunza kunyamaza.

Hatua ya 5: Hasira inapopanda

Shusha sauti. Simama kwa upande kidogo, umbali usiopungua mikono miwili, viganja vikionekana. Msikilize amalize, kisha taja tatizo lake: "Naona malipo yako yamechelewa." Usimguse, usimzibie mlango, usiahidi usichoweza. Usimwambie "tulia", neno hilo humwongezea moto.

Akikaribia, akitaja silaha au ukihisi hatari, ondoka na uite msaada. Mkataba namba 190 unataka mfanyakazi aweze kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa. Akija mwenye silaha: kimbia ukiweza, huwezi, jifiche, funga mlango, zima sauti ya simu. Kupambana ni pale tu maisha yanapokuwa hatarini na hakuna njia nyingine. Fedha mwachie.

Hatua ya 6: Baada ya tukio

Matibabu kwanza, kisha polisi pale sheria inapovunjwa. Hifadhi picha za kamera haraka, kwa kuwa mitambo mingi hufuta za zamani yenyewe. Mashahidi waandike kila mmoja peke yake kabla hawajasimuliana.

Anayelalamikiwa asikilizwe naye, na mchunguzi asiwe rafiki wa upande wowote. Kama lazima mmoja ahamishwe wakati wa uchunguzi, asiwe aliyeumizwa, isipokuwa ameomba mwenyewe. Mpe likizo na ushauri nasaha, kisha mwulize hali yake tena baada ya wiki kadhaa. Usingizi mbaya na hofu huweza kuja kwa kuchelewa. Angalia pia ratiba na tathmini zake za miezi inayofuata: kisasi kazini hujificha humo, kwenye zamu mbaya na alama zilizoshuka ghafla.