Somo: Umenunua mtandaoni bila kukatwa kodi? Unavyoilipa ukiwa California

Wakuu, hii ni kwa tulioko California, manake kila jimbo Marekani lina utaratibu wake na mengine kama Oregon hayana kabisa kodi ya mauzo. Ukinunua kitu mtandaoni risiti ikaja haina kodi usidhani umepona, deni limehamia kwako, wenyewe wanaliita use tax. Tangu kesi ya Wayfair ya 2018, iliyoruhusu majimbo kuwabana wauzaji walio nje ya jimbo wakate kodi, maduka makubwa yanakata yenyewe, ila sheria ya hapa inambana muuzaji wa nje anayevusha dola 500,000 kwa mwaka humu jimboni, kwa hiyo yule fundi wa Montana anayeuza mikoba kwenye kawebsite kake hakukati kitu.

Kwanza ingia kwenye imeili utoe risiti zote za mwaka, angalia mstari wa kodi. Zenye sifuri ndo zetu. Vyakula vingi na dawa za kuandikiwa na daktari achana navyo.

Pili tafuta reti ya unakoishi wewe, siyo ya muuzaji (hapa wengi wanachemka). Ya chini kabisa ni 7.25%, miji mingi inaongeza yake juu, ingiza anwani yako kwenye tovuti ya CDTFA (idara ya kodi ya jimbo) utaiona. Kamera ya dola 600 kwa 7.25% ni dola 43.50.

Tatu, unajaza kwenye fomu 540 ile ile ya kodi ya mapato, mstari wa use tax. Huna deni? Andika sifuri, usiache wazi. Mimi mwaka wa kwanza niliuruka nikijua ni mambo ya wafanyabiashara, na lensi ya kutoka nje iko mezani inaniangalia. Risiti zikipotea, kwa vitu binafsi vya chini ya dola 1,000 kila kimoja kuna jedwali linaenda na kipato chako.

Swali: Mkuu laptop nilinunua Oregon dukani kabisa, siyo mtandaoni, nikaja nayo. Inanihusu?
Jibu: Kama uliinunua uje uitumie huku, inakuhusu.

Swali: Mi nilikatwa 5% jimbo lingine, nalipa tena yote?
Jibu: Hapana, tofauti tu. Reti yako ikiwa 7.25% unaongezea 2.25%. Risiti usitupe.

Swali: Na kitu yuzdi toka kwa mtu binafsi?
Jibu: Kama ni mtu anauza chake mara moja moja tu, siyo mfanyabiashara, kwa kawaida hakimo ndugu yangu.

Swali: Gari je?
Jibu: Gari usiweke kwenye 540, hiyo mnamalizana DMV (idara ya magari) siku ya kusajili.