Funga Daftari Kwanza, Kisha Jiulize
Mwanafunzi wa Mbeya au Iringa anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne hurudia kusoma daftari lake mara nyingi, na kadiri maneno yanavyozidi kuzoeleka machoni ndivyo anavyoamini kwamba ameyashika. Imani hiyo ndiyo inayomponza. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha utafiti ambamo baadhi ya wanafunzi wa chuo walisoma kifungu kisha wakakirudia, na wengine walikisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, lakini baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 tu, ilhali wenzao walikumbuka asilimia 56.

Kwa hiyo, ukimaliza mada, tuseme ya mmomonyoko wa udongo, funga daftari na uandike kwenye karatasi tupu kila unachokikumbuka, hata kikiwa kidogo cha kukera, ndipo ufungue na kujaza mapengo. Aliye ndani ya daladala kutoka Uyole kwenda Mwanjelwa anaweza kufanya hivyo kimoyomoyo. Zoezi hilo lirudiwe baada ya siku kadhaa, wakati kukumbuka kumeanza kuwa kugumu.